Piano ni ya nyuzi au ya kupiga? Na marimba je?

Swali: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Mbagala na nafundisha pia sanaa. Niliwapa wanafunzi zoezi la kutaja aina za ala za muziki. Mmoja kaandika piano ni ala ya nyuzi, mwingine kaandika ni ya kupigwa, na chati tuliyobandika ukutani inaiweka peke yake. Marimba, kayamba na zeze hazimo kabisa kwenye hiyo chati. Ala za dunia nzima zinapangwaje, na zetu zinaingia wapi? Pia shule imetenga fedha kidogo za kununulia ala. Tuanze na zipi?

Jibu: Salaam, Mwalimu. Aliyeandika "nyuzi" mpe alama zote. Aliyeandika "ya kupigwa" usimkate, maana naye kaona kitu cha kweli: ndani ya piano kuna nyundo, na nyundo hizo zinapiga. Tofauti yao ni kwamba mmoja katazama kinacholia na mwenzake katazama kinachofanya kilie. Makumbusho na vyuo vingi duniani humsikiliza wa kwanza, na nitakuonyesha sababu kwa kitu ambacho hakikosekani Mbagala.

Chukua chupa ya soda, ile ya kioo. Tia maji kidogo, kisha puliza juu ya mdomo wake mpaka ilie. Sauti ni nene. Ongeza maji hadi nusu, puliza tena: sauti imepanda. Ongeza mengine, inapanda zaidi. Sasa mwaga maji yote uanze upya, ila safari hii usipulize. Igonge chupa ubavuni kwa kijiko, ongeza maji, igonge tena. Darasa lote litasikia kwamba mambo yamegeuka, kila maji yanapozidi sauti inashuka.

Chupa ni ileile na maji ni yaleyale. Kilichobadilika ni kitu kinachotetemeka. Ulipokuwa unapuliza ilitetemeka hewa iliyobaki ndani, na maji yakizidi hewa hupungua, na hewa iliyo kidogo hutetemeka haraka zaidi, ndiyo maana sauti ikapanda. Ulipogonga kilitetemeka kioo chenyewe, na maji yakawa mzigo uliokichelewesha. Kwa hiyo mikononi mwako ulikuwa na ala mbili za koo tofauti ndani ya chupa moja. Fanya zoezi hili kabla hujaandika chochote ubaoni. Baada ya hapo wanafunzi wakiletewa ala yoyote, hata ambayo hawajawahi kuiona, wana swali moja la kuuliza: hapa kinachoanza kutetemeka ni nini?

Swali hilo ndilo walilolitumia Erich von Hornbostel na Curt Sachs, wataalamu wawili waliokuwa Berlin, walipochapisha mpango wao mwaka 1914. Walikuwa na makabati yaliyojaa ala kutoka kila bara, na mgawanyo wa orkestra ya Ulaya (nyuzi, za mbao, za shaba, za kupigwa) haukuwafaa. Ukiutumia huo, baragumu la pembe ya tandala utaliweka wapi? Si la mbao wala la shaba. Wao wakagawa kwa mtetemo: kinacholia ni mwili mzima wa ala, au ngozi iliyowambwa, au uzi uliokazwa, au hewa. Baadaye Sachs akaongeza kundi la umeme. Ukikutana na majina idiofoni, membranofoni, kodofoni, aerofoni na elektrofoni kwenye vitabu, ni makundi hayohayo matano kwa mpangilio huohuo, usitishike.

Wazo lenyewe hawakulianzisha wao. Walimfuata Victor-Charles Mahillon, mtunza makumbusho ya ala kule Brussels, na Mahillon naye alipata mwanga kutoka India, ambako kitabu cha kale cha sanaa za jukwaani, Natya Shastra, kiliishagawa ala kuwa za nyuzi, za kupuliza, za ngozi na zile ngumu zinazolia zenyewe. Wachina wao walikuwa na njia nyingine: waligawa kwa malighafi na kupata makundi manane, yaani chuma, jiwe, hariri, mianzi, kibuyu, udongo, ngozi na mti. Hariri ni kwa sababu nyuzi zao zilisokotwa kwa hariri. Mimi huwaambia wanafunzi wangu kwamba mpango wa Kichina ni mzuri kwa fundi anayetafuta vifaa, ila hausaidii kujua kwa nini ala inalia.

Tuanze na zinazolia kwa mwili wake, kwa sababu chati yako imezionea. Kayamba ni hizi: matete yaliyofungwa pamoja, ndani kuna mbegu. Njuga za miguuni, manyanga, upatu na kengele zimo humohumo. Marimba ya vibao imo pia, na ndugu zake wametapakaa. Balafoni ya Guinea na Mali ina vibuyu chini ya vibao, na kila kibuyu kimetobolewa tundu dogo linalozibwa kwa utando mwembamba, ambao zamani ulitokana na vifuko vya mayai ya buibui, ili sauti iwe na mkwaruzo fulani. Guatemala marimba ni ala ya taifa, na wataalamu wengi wanaamini asili yake ni Waafrika waliopelekwa huko utumwani. Trinidad wao walichukua mapipa ya mafuta, wakayafinyanga kwa nyundo mpaka uso wa pipa moja ukatoa noti kadhaa tofauti. Pipa lile lina umbo la ngoma lakini halina ngozi, linalia chuma. Hapo wanafunzi wengi hukosea, kwa hiyo ni swali zuri la mtihani.

Na ilimba ya Wagogo, ile ya vyuma vinavyobonyezwa kwa vidole gumba, imo humuhumu. Kinachotetemeka ni ulimi wa chuma wenyewe. Ukiusukuma ndani ili sehemu inayoning'inia iwe fupi, sauti inapanda. Ukiuvuta nje inashuka. Hivyo ndivyo inavyotuniwa, kwa kuugongagonga kidogo tu. Marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, ndiye aliyeifanya dunia iisikie ilimba akitokea Bagamoyo, na ukoo wake bado unaendelea. Zimbabwe wana mbira, ambayo hufungwa vizibo vya soda au makombe ili iwe na mlio wa kuchachatika. Wageni wengi hudhani ala imeharibika. Mchezaji wa mbira ukimwondolea vizibo hivyo atakuona umemharibia kazi. Utengenezaji na upigaji wa ala hii wa Malawi na Zimbabwe uliingizwa kwenye orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2020.

Ngozi nitaipita haraka hapa kwa sababu Mbagala hakuna mtoto asiyejua ngoma. Ngoma ya mdundiko inapita mitaani yenyewe. Mwaga punje chache za mchele juu ya ngoma, ipige taratibu, waone punje zinavyoruka. Msondo, chapuo, dufu la maulidi, tabla ya India na tumba za Kuba zote ni familia moja. Utunzaji wake nitaurudia mwishoni.

Sasa nyuzi, na hapa ndipo piano inapopata makazi. Ukibonyeza kibao cha piano, nyundo ndogo iliyovikwa sufi inaruka, inaugonga uzi wa chuma na kuuachia papo hapo, la sivyo ingeuzima. Uzi unatetemeka, mtetemo unapita kwenye ubao mpana wa mti ulio chini au nyuma yake, na ubao huo ndio unaokuza sauti. Aliyebuni mtambo huu ni Bartolomeo Cristofori wa Florence, mnamo mwaka 1700. Kabla yake kulikuwa na kinanda ambacho uzi ulidonolewa na kijiti, na ukibonyeza kwa nguvu au polepole sauti ilikuwa ileile. Cristofori alitaka mkono wa mpigaji usikike, laini au kali. Piano yake ya mwaka 1720 ipo hadi leo katika makumbusho ya Metropolitan, New York. Piano za siku hizi zina vibao 88 na nyuzi zaidi ya 200, na ukijumlisha mkazo wa nyuzi zote unapita tani 15. Ndiyo maana ndani kuna fremu ya chuma, na ndiyo maana kuibeba ghorofani ni kazi ya wanaume sita na ugomvi.

Lakini angalia jambo moja. Mtambo wa vibao vyeusi na vyeupe ndio uliowachanganya waliotengeneza chati yako. Vibao vile ni njia ya kuamrisha sauti tu, na nyuma yake unaweza kufunga chochote. Piano nyuma yake ina nyuzi. Kinanda kikubwa cha makanisa ya Ulaya nyuma yake kina mabomba ya hewa. Kodiani ina vijilimi vya chuma vinavyotetemeshwa na upepo wa mvukuto. Selesta ina vipande vya chuma vinavyogongwa, kwa hiyo ni ndugu wa marimba. Na kile kinanda kidogo cha Casio ambacho vijana wa mchiriku walikiunganisha na spika za honi na kukesha nacho uswahilini, nyuma ya vibao vyake ni umeme mtupu. Ala tano, sura moja, na koo nne. Chati ikipanga kwa sura lazima ikwame.

Ndugu halisi wa piano ni ganuni ya taarabu. Zote mbili ni sanduku lililotandazwa nyuzi nyingi, ila ganuni inadonolewa kwa vidole vilivyovishwa vijiti. Mwingine ni nanga ya Wahaya, iliyochimbwa kwenye gogo mithili ya mtumbwi, uzi mmoja ukirudi huku na huko. Upande wa ala zenye shingo kuna gita, na kuna udi, ambao shingo yake haina vigingi vya chuma vya kugawa noti, hivyo kidole kinaweza kutua katikati ya sauti mbili za piano. Ndiyo sababu piano ya kawaida haiwezi kufuata baadhi ya nyimbo za taarabu bila kuzipotosha. Kuna zeze la Wagogo linalosuguliwa kwa upinde, na fidla ambayo kazi yake ni ileile. Kuna litungu la Wakurya na nyatiti ya Wajaluo, zenye mikono miwili na boriti juu. Kora ya Afrika Magharibi ina nyuzi 21 juu ya kibuyu kikubwa kilichowambwa ngozi. Usiseme kora ni ngoma kwa sababu ya ngozi hiyo. Ngozi inakuza tu, na kinachoanza kutetemeka ni uzi.

Taarabu ya Mombasa imewahi kuwa na ala ya kushangaza zaidi, tashkota. Ni taishogoto ya Kijapani, iliyobuniwa Nagoya mwanzoni mwa karne ya 20: nyuzi chache zikidonolewa kwa mkono mmoja, na mkono mwingine ukibonyeza vitufe vinavyofanana na vya taipureta. Ikapita India, ikavuka bahari, ikatua kwetu na kupewa nyimbo zetu. Ukiwa na ramani darasani, chora safari hiyo kwa chaki.

Za kupuliza zina siri tatu. Ya kwanza ni filimbi: hewa inakatwa na ukingo, kama ulivyofanya kwenye chupa. Nai ya Waarabu imo humo, na filimbi ya fedha ya orkestra vilevile. Ya pili ni ulimi, kipande cha tete kinachochezacheza mdomoni. Zumari ya pwani ina tete maradufu, sawa na oboe. Kilarineti na saksafoni zina ulimi mmoja. Ya tatu ni midomo ya mpulizaji yenyewe. Hapa ndipo baragumu la pembe linapokutana na tarumbeta: mtu anabana midomo na kuitetemesha, bomba linachukua mtetemo huo na kuupa umbo. Siwa za Pate na Lamu, moja ya pembe za ndovu na nyingine ya shaba, zinapulizwa hivyo kwa tundu la ubavuni. Na lile gogo refu la wenyeji wa Australia, didgeridoo, lililotobolewa na mchwa, nalo ni la ukoo wa tarumbeta japo ni mti mtupu.

Kama kuna harusi inapita na matarumbeta kwenye pikapu, mwombe mmoja wao baadaye achomoe kidomo cha tarumbeta akipulize peke yake mbele ya wanafunzi. Ule mlio mwembamba wa kuudhi watakaousikia ndio malighafi. Vitufe vitatu vya tarumbeta kazi yake ni kuurefusha mrija tu. Kisha waulize swali la mtego: kwenye bendi za dansi kama Msondo na Sikinde, saksafoni na tarumbeta zinasimama safu moja, zote zinang'aa shaba. Je, ni ndugu? Hapana. Saksafoni, iliyosajiliwa na Adolphe Sax mwaka 1846 huko Paris, ina ulimi wa tete, kwa hiyo ndugu yake ni kilarineti.

Na kilarineti ina jambo ambalo kila mtoto wa Tanzania anapaswa kulijua. Mti unaopendwa kuliko yote kwa kutengenezea kilarineti, oboe na mabomba ya zumari za Waskoti ni mpingo, na sehemu kubwa ya mpingo huo hutoka Tanzania na Msumbiji. Ni mti mzito kiasi cha kuzama majini, una mafuta yake wenyewe, na tundu likitobolewa hubaki laini bila kuvimba haraka kwa mate ya mpulizaji. Kule Kilwa vijiji kadhaa vinamiliki misitu yao na kuvuna mpingo kwa utaratibu uliothibitishwa kimataifa tangu mwaka 2009. Kwa hiyo kilarineti inayolia kwenye ukumbi wa Vienna huenda mti wake ulikua Kilwa. Sisi tunauona zaidi Mwenge kwa wachongaji, ukiwa vinyago, na kilarineti yenyewe tukiitaka tunaiagiza nje kwa bei isiyoshikika.

Piano nayo ina deni lake hapa. Katika karne ya 19 pembe nyingi za ndovu zilizopita Bagamoyo na Zanzibar zilisafirishwa hadi Connecticut, Marekani, zikakatwa vipande vyembamba vya kufunika vibao vyeupe. Mji mmoja huko uliitwa Ivoryton kwa ajili hiyo. Pembe zile zilibebwa mabegani mwa watu kutoka bara, baadhi yao watumwa. Leo vibao hivyo ni vya plastiki.

Umeme una mtihani rahisi. Chomoa waya. Gita la umeme bado utalisikia likilia kidogo, kwa sababu uzi wake unatetemeka na sumaku inausikiliza, kwa hiyo linabaki ukoo wa nyuzi. Casio ukichomoa waya na betri inakuwa bubu. Theremin, aliyoibuni Mrusi Leon Theremin mnamo mwaka 1920, mpigaji haigusi kabisa. Anapunga mikono hewani karibu na antena mbili. Je, kompyuta ya mtayarishaji wa singeli ni ala? Wazee wenzangu wengi watakuambia hapana. Mimi nasema ni ala, tena anayeijua anaipiga kwa ufundi, na anayebisha aende akajaribu kupanga mdundo wa kasi ile.

Sasa fedha zenu. Msianze na fidla wala gita za bei ya chini. Hapa Dar unyevu wa bahari huzikunja shingo na kutia nyuzi kutu, na gita lisiloshika tuni humvunja moyo mtoto haraka kuliko kukosa gita. Nunueni ngoma tatu za ukubwa tofauti, kayamba mbili, ilimba moja au mbili, na filimbi za plastiki za kutosha watoto kupokezana, mradi ziwe za aina moja ili zilingane. Ngoma na ilimba fuateni Bagamoyo, kwa mafundi walio karibu na chuo cha sanaa cha TaSUBa, na mfike wenyewe mzipige kabla ya kulipa. Kabla ya hapo wapelekeni watoto Kijiji cha Makumbusho, wakaone ngoma zikipigwa mbele yao.

Masika yakianza ngozi italegea na ngoma italia kama sanduku tupu. Ianike juani au iweke karibu na moto mdogo wa makuti, uigeuzegeuze, na uigonge kwa ncha za vidole kila mara kusikia imefika wapi. Usiiache hapo ukaenda kufundisha, ngozi ikikauka kupita kiasi inapasuka. Usiihifadhi sakafuni, panya na mchwa wanaipenda kuliko wanafunzi wako wanavyoipenda.

Kinanda cha umeme mnunue mwisho, fedha ikibaki, na kiwe kinachotumia betri pia, maana siku ya mahafali ndiyo umeme hukatika.